Sanduku Moja, Funguo Nyingi
Mhadhara wa umma kuhusu seva ya kupokelea barua pepe, Arlington, Texas

 

Wengi wetu tuliomo humu tulikulia kwenye S.L.P. ya mtu mwingine. Barua ya shangazi ilipitia sanduku la shule, la parokia au la kiwanda alikofanya kazi baba, na aliyeshika ufunguo ndiye aliyejua nani kaandikiwa na nani. Posta kwetu haikuja mlangoni, ulikwenda kuchukua. Hapa Arlington, wengi tunaopanga tumekuta safu ya visanduku vya chuma. Kila mpangaji ana ufunguo mdogo wa kisanduku chake, lakini mtu wa posta ana mmoja unaofungua safu nzima. Wezi wa barua wanalijua hilo: badala ya kuhangaika na kisanduku changu au chako, humvizia yeye.

Seva ninayoizungumzia leo ni visanduku hivyo hivyo. Ile inayosafirisha barua kutoka seva hadi seva siigusi. Naisema inayokaa na barua mpaka mwenyewe aje. Itifaki yake ya kwanza, POP, ilichapishwa 1984, na hata jina lake limetolewa posta. POP3 ilifuata 1988. Unaunganisha simu, unabeba barua zako, unakata. Aliyelipia intaneti kwa dakika Dar es Salaam au Mombasa, kabla kebo ya Seacom haijafika pwani yetu mwaka 2009, hakuhitaji kufundishwa faida yake. IMAP, aliyoibuni Mark Crispin huko Stanford mwaka 1986, huziacha barua kwenye seva, ukazisoma kwa simu leo na kwa kompyuta kesho. Kwa watu wa simu mbili kama sisi, ndiyo ninayoipendekeza.

Je, jumuiya ya misiba na harusi inahitaji seva yake yenyewe? Pengine haihitaji. Mimi naiendesha kwa sababu barua zetu zina karatasi za uhamiaji, majina ya wagonjwa na hesabu za michango, nami nataka kujua zimelala wapi.

Msiiweke sebuleni. Februari 2021, baridi ilipoikatia Texas umeme kwa siku kadhaa, kompyuta ya sebuleni ilikuwa bati tu. Barua zenyewe hazipotei upesi: seva ya mtumaji huendelea kujaribu, kwa kawaida siku nne au tano. Ila za zamani utazifuata wapi? Kodini mashine mahali penye jenereta, na nakala ya akiba ikae kwingine.

Mashine yangu inatumia mfumo wa aina ya Unix, na juu yake natumia Dovecot, programu iliyoanzishwa na Timo Sirainen, Mfini, mwaka 2002. Barua naziweka kwa mtindo wa Maildir, kila barua faili lake: huandikwa kwanza kwenye tmp, huhamia new, na ikishaonwa huingia cur. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, inayoharibika ni hiyo moja.

Sasa turudi kwa mtu wa posta. Mwaka 1998 iligundulika mianya katika seva mbili zilizotumika sana, Qpopper na ile ya Chuo Kikuu cha Washington. Mgeni asiye na nenosiri aliweza kutuma maneno marefu kupita kiasi, akajikuta ameshika mamlaka ya root, yaani ufunguo wa safu nzima. Dovecot imegawa kazi: anayepokea wageni mlangoni hana ruhusa ya kugusa barua, na anayekagua nenosiri ni mwingine kabisa. Ukimrubuni bawabu, umempata bawabu tu.

Yaliyobaki ni mafupi. Andika ssl = required, funga milango namba 110 na 143, acha 993. Cheti cha Let's Encrypt ni bure lakini hakidumu. Kikishafanywa upya, iamuru Dovecot isome upya, la sivyo itaendelea kuonyesha cha zamani hadi simu za wazee zianze kulalamika. Nenosiri lihifadhiwe baada ya kusagwa kwa Argon2: anayeiba unga hawezi kuurudisha kuwa mahindi, ingawa mahindi mepesi kama 123456 atayakisia.

Lakini kinachonisumbua zaidi tumekuja nacho kutoka nyumbani. Jumuiya yangu ya kwanza ilikuwa na anwani moja na nenosiri moja, lililobandikwa kwenye kundi la WhatsApp. Siku barua za michango zilipofutwa tulikaa kikao hadi usiku wa manane. Kwenye kumbukumbu za seva, wote kumi na wawili tulikuwa mtu mmoja. Mhazini alitazamwa kwa jicho baya miezi mingi, na hadi leo sijui kama alistahili.

IMAP inajua kugawa sanduku bila kugawa nenosiri. Kila kiongozi ana akaunti yake, na sanduku la pamoja lina orodha ya haki kwa herufi: r kusoma, i kuingiza, t kutia alama ya kufuta, e kuondoa kabisa. Mwenyekiti wetu ana r. Hana e, na alinung'unika kidogo. Katibu wetu alipohamia Houston, nilifuta mstari wake mmoja, tukamwandalia pilau, na hakuna mwingine aliyebadilisha nenosiri.