Alfajiri ya Taa: Ndege na Nondo



Wiki iliyopita mzee wetu mmoja hapa Neasden alifunga bila ya kula daku. Alimsikia ndege akiimba dirishani, akadhani alfajiri imeingia, akaweka kikombe chini. Kumbe ni saa nane ya usiku. Kwao Pemba ndege hawakumdanganya; hapa kuna taa za barabarani.

Ndege huyo ni yule mdogo wa kifua chekundu, ambaye Waingereza humwita robin. Macho yake makubwa huona katika mwanga hafifu, na ni miongoni mwa wanaotangulia kuimba kabla ya mapambazuko. Taa humwanzisha mapema. Hata hivyo wimbo ni uleule wa kulinda eneo lake na kumwita mwenzi. Amekosea saa, hakukosea kazi.

Chini ya taa ileile huzunguka nondo. Suratul Qaria imewafananisha watu Siku hiyo na viumbe hawa. Tulikuwa tukidhani nondo huupenda mwanga. Mwaka 2024 watafiti, wakiwamo wa Imperial College London, walieleza kwamba wadudu hawa huigeuzia taa mgongo. Katika usiku wa asili, penye mwanga zaidi ni mbinguni, naye nondo huielekezea mbingu mgongo wake ili ajue juu ni wapi. Taa humpoteza, akazunguka hata akachoka, naye anaruka vilevile kama alivyoumbwa. Nasi tushikao simu baada ya tarawehe, tukisema ni dakika tano tu, hatuko mbali naye.

Wanazuoni wa fiqhi wametutenganishia alfajiri ya uongo, nuru isimamayo wima kisha ikatoweka, na ya kweli, itandayo upeoni. Mtume (s.a.w.) aliwafundisha Maswahaba kwamba adhana ya Bilal, iliyokuwa ya usiku, isiwazuie kula, bali wangoje ya Ibn Umm Maktum. Naye huyu alikuwa kipofu. Hakuadhini mpaka aambiwe kumekucha.

Yeye alikuwa na wa kumwambia. Mzee wetu huishi peke yake.

Karatasi ya watakaowapigia simu wazee wakati wa daku ipo mlangoni. Jana usiku ilikuwa na majina mawili.

Wabillahi tawfiq.