Tezi Ndogo Juu ya Figo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumzie sayansi kwa dakika chache, nami nimechagua kitu ambacho sisi watoto wa Mkwaja tulikiona kabla ya kukisoma. Ranchi ya Mkwaja ilianzishwa na kampuni ya Amboni miaka ya 1950, ikapambana na mbung'o mpaka ilipofungwa mwaka 2000. Leo eneo lake limo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ng'ombe akichinjwa, karibu na figo tulikuta kijinyama kidogo ndani ya mafuta, tukamtupia paka. Ile ndiyo tezi ya adrenali.

Binadamu naye anazo mbili, kila moja ina gramu 4 au 5 hivi. Ganda lake la nje hutengeneza kortisoli, homoni inayotuwezesha kustahimili maradhi, njaa na majeraha. Lakini tezi hii haijiamulii. Haipothalamasi, iliyo chini ya ubongo, hutoa peptidi ya amino asidi 41 iitwayo CRH, ambayo Wylie Vale na wenzake waliitambua mwaka 1981. Hiyo huiamsha tezi ya pituitari, nayo humimina katika damu peptidi nyingine, ACTH, yenye amino asidi 39. Ndipo kortisoli hutoka. Ikizidi, huko juu amri hupunguzwa. (Aldosteroni, mtunza chumvi, ina bwana mwingine zaidi: anjiotensini II, ya amino asidi 8 tu.)

Tulipokuwa darasani jambo hili lilipitiwa haraka: ACTH haiamrishi tu, bali pia huikuza tezi. Ikizidi kwa muda mrefu, ganda hunenepa. Ikikosekana, husinyaa.

Mama yangu mdogo aliumwa viungo, akapewa vidonge vya prednisoloni. Vikamfaa, akaendelea kuvinunua dukani zaidi ya mwaka mzima, asiambiwe lolote. Dawa hiyo hufanya kazi kama kortisoli. Ubongo ukaona imejaa, ukaacha kuagiza ACTH, na tezi zikasinyaa kimya kimya. Fedha zilipokwisha akaacha ghafla. Baada ya siku chache akawa anatapika, hawezi kusimama, presha imeshuka. Nyumbani tukasema malaria. Mimi niliyefaulu biolojia katika shule hii hii, nami nilisema malaria! Daktari mmoja ndiye aliyeuliza: "Mama, ulikuwa unameza dawa gani?" Akamchoma sindano ya haidrokotisoni na kumtundikia maji ya chumvi. Kesho yake aliomba uji. Lakini ilichukua miezi mingi kumpunguzia vidonge kidogo kidogo mpaka tezi zake zikaamka.

Vijana, waambieni na dada zenu: krimu za kujichubua zenye klobetasoli, zikipakwa mwilini kwa muda mrefu, hupenya ngozi na zaweza kuleta madhara hayo hayo.

Na mbung'o wetu je? Huko Uganda, watafiti waliopima wagonjwa wa malale miaka ya 1990 walikuta kama robo yao tezi hizi zimelegea kazi kabla ya kutibiwa. Kwa upande wa mifugo, mwaka 1995 Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walichapisha uchunguzi wa pituitari na adrenali za kondoo walioambukizwa nagana. Nani kati yenu ataendeleza kazi hiyo sijui, ila Morogoro si mbali.

Naona Mwenyekiti anatazama saa. Maswali niulizeni wakati wa chai.