Chumba cha Chini Melini

 

Juma lililopita, siku ya chanjo, mama mmoja wa hapa Mombasa alinitolea karatasi mkobani. Dada yake aliyeolewa Uingereza amemlipia yeye na watoto wake, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miezi 10, safari ya meli ya kitalii. Watapandia Southampton, wapite Ghuba ya Biscay mpaka Uhispania. Karatasi inauliza: mnataka chumba cha juu chenye roshani, au cha chini cha bei nafuu? Mama ana haya. "Sista, nikichagua cha chini si wataniona mnyonge?"

Nilimwambia achukue cha chini, tena cha katikati ya meli. Hata angelipiwa vyote viwili kwa bei moja ningemwambia hivyo hivyo.

Mtazame mnazi siku ya upepo. Kilele kinayumba, shina limetulia. Meli nayo ni vivyo hivyo. Tena omo na tezi hupanda na kushuka na mawimbi, lakini katikati haisogei sana. Na Ghuba ya Biscay inajulikana kwa mawimbi makubwa. Ndani ya sikio tuna kiungo cha kupima mwendo. Sikio likisema tunakwenda na macho yakiona kuta zimesimama, ubongo huchanganyikiwa, na roho huanza kuchafuka. Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaolevywa na bahari zaidi. Walio chini ya miaka 2 ni nadra. Hilo liweke akilini, nitalirudia.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa ukaidi. Nilisafiri usiku kwa meli kutoka Mwanza kwenda Bukoba na binti yangu wa miaka 5. Nikang'ang'ania chumba cha juu, karibu na omo, eti tupate hewa. Kufika saa sita usiku leso zangu zote zilikuwa zimelowa matapishi. Baharia mmoja mzee alitushusha chini, akatulaza katikati, na mtoto akapata usingizi. Diploma yangu ilikuwa mkobani wakati huo wote!

Chumba cha chini kina taabu zake. Dirisha, kama lipo, halifunguki, na kilicho karibu na injini kina kelele na mtetemo, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa. Kisicho na dirisha huwa giza totoro, mtoto hajui kumekucha. Beba tochi ndogo. Mchana msikae humo, mpeleke mtoto nje akatazame mbali, pale maji yanapokutana na mbingu. Kitanda cha juu si cha mtoto aliye chini ya miaka 6. Roshani, kusema kweli, sikuisikitikia hata kidogo. Mtoto wa miaka 4 na kiti kimoja anaweza kupanda juu ya kizuizi ukiwa unafunga nepi ya mwenzake.

Siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua masanduku, tembea na watoto kutoka chumbani mpaka mahali pa kukusanyika wakati wa hatari. Pitieni ngazi, maana lifti haitumiki siku hiyo. Omba jaketi la kujiokoa la kimo cha kila mtoto. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia tarehe 13 Januari 2012, mamia ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa bado hawajafanya zoezi la kujiokoa. Walikufa watu 32.

Dawa ya safari ulizia kliniki kabla ya kuondoka. Usimkatie mtoto kidonge chako. Promethazini haipewi mtoto wa chini ya miaka 2 hata kidogo, inaweza kumzuia kupumua. Akitapika, mpe maji ya ORS kijiko kimoja kimoja, na anayenyonya azidi kunyonya.

Sasa nirudi kwa yule wa miezi 10. Mkiwa chini, katikati, ambako meli haiyumbi sana, naye anatapika, usikimbilie kusema ni bahari. Mtoto wa umri huo halevywi kirahisi. Akiharisha pamoja na kutapika, huenda ni virusi vya noro, ambavyo huenea upesi melini. Mjulishe daktari wa meli, nawa kwa sabuni na maji, maana ile dawa ya kupaka mikononi haiviui vizuri.

Na mwili ukiwa moto, awe mdogo au mkubwa, usingoje asubuhi. Pwani yetu ina malaria, na malaria inaweza kujitokeza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mkiwa mmeshavuka bahari. Daktari wa meli huona watalii, huenda malaria isimjie akilini. Yule mama nilimwandikia maneno ya kumwambia nyuma ya karatasi ile ile, naye akayasoma mara mbili: "Tumetoka Mombasa, Kenya. Mtoto ana homa. Naomba apimwe malaria sasa hivi."