Nyasi za Ndama



Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi wa Buseresere, na majirani mliovuka kutoka Katoro, juu ya watoto, na nimeombwa nisiwaweke sana kwa sababu wengi mmeacha meza zenu sokoni. Nitajitahidi. Ila jambo hili nimeliishi miaka kumi na moja, ndani ya vyumba viwili na ua mmoja, watoto wa wenzangu wakiwa miguuni pangu tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka giza linapoingia. Mnivumilie kidogo.

Kazi yangu mnaijua. Mama anayeuza dagaa, anayepikia wachimbaji, anayeosha marudio ya mchanga wa dhahabu kwenye mialo, ananiachia mtoto asubuhi na kumfuata jioni. Nilipoanza nilitoza buku jero kwa siku. Humo ndani kuna uji wa asubuhi, chakula cha mchana, maji ya kuchemsha, mkaa, sabuni, na kitu kidogo cha binti aliyekuwa akinisaidia. Kinachobaki ndicho changu. Baadaye akatokea mwenzangu mtaa wa pili, yeye akatoza buku. Halafu akaja mwingine, huyu wa jero. Watoto wangu wakaanza kupungua mmoja mmoja, kama kuku waliosikia mtama unamwagwa kwa jirani.

Mtaa ukampa huyo wa jero jina, Mama Jero. Nitawaomba leo tuliache jina hilo, na nitawaeleza kwa nini.

Kwanza niseme nilichofanya mimi. Nilishusha bei. Nikafika buku, nikafika mia saba. Ukishusha bei huwezi kubaki na watoto wanane, maana mkaa haukushukii. Nikapokea kumi na wawili, nikapokea kumi na watano, nikamwambia yule binti arudi kwao. Mwezi wa pili nilikuwa na watoto kumi na saba, peke yangu, na watatu kati yao walikuwa bado hawajaanza kutambaa.

Siku moja, kama saa tano hivi, nilikuwa nasafisha mmoja aliyeharisha, mwingine analia mgongoni. Nikasikia hodi. Nikatoka. Alikuwa kijana wa bodaboda, pikipiki kaiacha inaunguruma, kambeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mguu mmoja una kiatu, wa pili umejaa vumbi. Akaniambia, "Mama, huyu si wa kwako? Nimemkuta pale lami."

Barabara yetu mnaijua. Mabasi ya kutoka Mwanza, malori ya kwenda Biharamulo na Bukoba, yote yanapita katikati ya maisha yetu. Watoto hutoka nje, hilo kila mzazi analijua. Kinachoniamsha usiku mpaka leo ni kwamba nilikuwa sijui kama hayupo.

Mama yake nilimweleza jioni ile ile. Hakunitukana. Alikaa kwenye kizingiti, akamvua mtoto kile kiatu kimoja, akakishika mkononi muda mrefu, kisha akaniuliza kesho ampeleke wapi. Sikuwa na jibu. Nilirudi kwa watoto wanane na bei yangu ya zamani, na ipo miezi nimekaa na watatu tu, huku kodi ya nyumba ikinidai.

Ndugu zangu, ile mia nane niliyoipunguza kwenye bei haikupotea hewani. Alilipa yule binti niliyemwachisha kazi, walilipa watoto waliokunywa uji mwepesi, na yule mdogo nusura ailipe pale lami.

Nikaenda kumwona yule mwenzangu wa jero. Sitaficha, nilikwenda na hasira. Nikakuta chumba kimoja, mkeka, na watoto kumi na wanne wamelala. Saa nne asubuhi, wote, kimya. Aliyewahi kulea anajua kwamba watoto kumi na wanne hawalali kwa pamoja saa nne asubuhi. Dirishani kulikuwa na chupa ya dawa ya mafua, ile inayoleta usingizi, na kijiko chake juu. Nikaitazama chupa, nikamtazama yeye. Akainamisha kichwa. Ni mjane, analea wajukuu wawili walioachwa na binti yake marehemu. Akaniambia, "Dada, wakiamka wote siwawezi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nikakumbuka pale lami, nikakaa naye kwenye mkeka. Siku hiyo tulimwaga ile dawa pamoja.

Ndiyo maana nasema tuache lile jina. Huyu mama hakuleta bei ya jero katika mji huu. Amekuta mama mwenzake ana jero tu mkononi. Anayeuza nyanya akipata faida ya elfu nne kwa siku, na ana watoto wawili wa kuacha, buku jero yangu mara mbili ni elfu tatu. Anabakiwa na elfu moja ya kulisha nyumba. Hata mimi ningekwenda kwa jero.

Na chini ya jero ipo bei nyingine, nayo ni bure. Bure ni yule binti wa miaka tisa au kumi anayebaki nyumbani na mdogo wake mgongoni huku wenzake wakienda shule. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, darasa la awali likiwemo. Yeye kinachomzuia si ada, ni mgongo wake. Wengine tunawatoa vijijini tukiwaambia wazazi wao kwamba tunakuja kuwasomesha, wakifika hapa wanakuwa yaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, na hiyo ni kazi nyepesi tu isiyomnyima shule. Kima cha chini kilichotangazwa mwaka 2022 kilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi hata kwa mfanyakazi wa ndani anayekaa na kula kwa mwajiri wake. Kila mmoja wetu atazame nyumbani kwake, mimi sitamtaja mtu.

Watoto wengine huenda na mama zao kwenye kazi. Hapa nataka kina baba wachimbaji mnisikilize. Mama anaosha marudio, mtoto kalazwa kwenye kanga chini ya kivuli cha turubai. Hatua tano kutoka pale, mtu anachoma dhahabu aliyoikamatisha na zebaki. Mvuke ule hauonekani vizuri, lakini unaingia kifuani, na unamdhuru zaidi mtoto ambaye ubongo wake bado unajengeka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba uko Dodoma, mtoto yuko kwenye kanga. Kwa mama yule, mahali salama pa kumwacha mwanawe kwa bei anayoiweza pangemfaa kuliko mabango mengi ya kuonya juu ya zebaki.

Sheria ya kazi inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84. Hata huyo, siku zake zinakwisha wakati mtoto bado ana miezi mitatu ya kunyonya maziwa ya mama peke yake. Mama wa sokoni hana mwajiri wa kumwomba likizo. Akimaliza arobaini amerudi kwenye meza yake. Kuanzia hapo mpaka mtoto afikishe umri wa darasa la awali, mji mzima unamwambia, jua mwenyewe.

Na mji huu unakula jasho la mama huyo. Mchimbaji anayeamkia chapati na supu, amepikiwa na mtu aliyemwacha mtoto mahali. Mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, analetewa mawe yaliyochambuliwa na mikono ya kina mama. Halmashauri inakata ushuru kwenye meza zao kila siku ya Mungu. Sote tunafaidi kwamba mama huyu yuko kazini. Gharama ya yeye kuwa kazini tumewaachia wanawake wawili maskini wagombanie jero.

Wazee waliotoka Shinyanga, Maswa na Kwimba watanisaidia hapa. Nyumbani kulikuwa na ngitili. Mvua zikianza, eneo la malisho linafungwa, nyasi zinaachwa zikue. Kiangazi kikikaza na kundi likapelekwa mbali, ngitili ndiyo inayowalisha waliobaki: ndama, ng'ombe wagonjwa, na maksai wa kulimia. Mwenye ng'ombe mia hakuruhusiwa kuwaingiza kwa sababu tu ana ng'ombe wengi. Akiwaingiza, dagashida, baraza la kijiji, inakaa na anatozwa faini. Watu walipohamishwa kwenda vijiji vya pamoja miaka ya 1970, ngitili nyingi zilikufa na ardhi ikabaki wazi. Kuanzia mwaka 1986 mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukafanya kazi na wanavijiji kuzirudisha, na zikarudi, zaidi ya hekta 300,000. Nchi iliyokuwa inageuka jangwa ikaota miti tena, kwa sababu watu walikubaliana kujizuia.

Hebu fikirini. Babu zetu walitenga nyasi kwa ajili ya ndama asiyeweza kufuata kundi. Sisi, katika ukanda wa dhahabu, hatujamtengea chochote mtoto asiyeweza kumfuata mama yake.

Na si kwamba nchi hii haijawahi kujaribu. Wakati wa vijiji vya ujamaa Umoja wa Wanawake, UWT, ulikuwa na vituo vya kulelea watoto ili kina mama waende shambani, na baadhi yenu hapa mlilelewa humo. Mwaka 1981 Bunge lilitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana. Desemba 2021 Serikali ikazindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali ya mtoto, ikitaja afya, lishe, kujifunza, ulinzi na malezi yenye kumjali mtoto. Ni maneno mazuri na nayaamini. Nataka yafike kwenye ule mkeka wa watoto kumi na wanne.

Wenzetu wa India walianza na jambo dogo tu. Mwaka 1969, mjini Delhi, mama mmoja aitwaye Meera Mahadevan aliona watoto wa vibarua wa ujenzi wakigaagaa vumbini huku mama zao wamebeba matofali. Akapiga hema pale pale kwenye eneo la ujenzi, akatafuta walezi. Kazi ikihama, na hema linahama. Mwaka 1996 sheria ya nchi yao ikamtaka kila mwenye kazi ya ujenzi iliyo na wanawake zaidi ya 50 atenge chumba cha watoto. Hema lilitangulia, sheria ikafuata. Mialo yetu nayo huhama, na hema tunaweza kulimudu.

Kwa hiyo naomba nini? Kwa walezi wenzangu, tusianze kwa kupanga bei. Tukipanga bei leo, kesho mwenye njaa ataivunja, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Tupange idadi. Mlezi mmoja asipokee watoto zaidi ya wanane, na wachanga wasizidi wawili. Anayezidiwa ampeleke mama kwa jirani mwenye nafasi. Nasema hivi nikijua kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuvunja hesabu hiyo.

Lakini idadi hiyo mlezi wa jero haiwezi bila msaada, kwa sababu watoto wanane mara jero ni elfu nne, na humo kuna uji wa wanane. Hapo ndipo ninapowageukia wengine. Uongozi wa soko, ushuru mnaokusanya umejenga choo, na tunashukuru. Tengeni na kibanda kimoja cha watoto, chenye maji na uzio. Wenye karasha na mialo, changieni kwa kila mama anayewafanyia kazi. Halmashauri ina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na asilimia 4 ni ya wanawake. Sisi tukienda kuomba tunaandika kufuga kuku au kutengeneza sabuni, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba kulea si biashara inayokopesheka. Tuandike kazi yetu kwa jina lake.

Afisa Ustawi wa Jamii, najua sheria inataka vituo viandikishwe, na ni haki. Lakini mlezi wa chumba kimoja akikuona anafunga mlango. Njoo kwanza kama mwalimu. Ukimfungia yule mama leo, kesho asubuhi watoto kumi na wanne watakuwa wapi? Na tafadhali zungumza na mwenzako wa upande wa pili. Sisi tuko Wilaya ya Chato, Katoro iko Wilaya ya Geita, lakini soko ni moja na mama anavuka na mtoto mgongoni kufuata palipo nafuu. Utaratibu unaoishia mpakani hautamlinda mtoto yeyote.

Yupo ndugu mmoja aliyeniambia jana kwamba hii ni biashara huria, kila mtu auze anavyoweza. Ndugu yangu, ukiuziwa nyanya mbovu kwa bei ya kutupa, jioni unazimwaga na kesho unanunua nyingine. Mimi nimempokea mtoto mkononi mwa bodaboda. Siwezi kuzungumza juu yake kama fungu la nyanya.

Nimekuja na daftari, liko pale mezani kwa Mtendaji wa Kata. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina langu, mtaa wangu, na watoto wanane. Mama yangu uliyekaa kule nyuma na wajukuu wako, wewe uliyemwaga dawa na mimi, njoo hapa mbele. Kiti kipo. Jina lako liandikwe la pili, jina ulilopewa na wazazi wako, kisha tuanze kuhesabu pamoja nani atawachukua wale sita waliozidi.