TUNDU LA SIKIO NI KIDONDA: TUKITUNZE MPAKA KIPONE

(Mazungumzo ya mhamasishaji wa afya na akina mama na vijana wa kambi)

 

Leo sikuja na habari za kipindupindu wala za vyandarua. Nimekuja na jambo dogo tunalolifanya kwa furaha: kutoboa masikio. Sikukuu zikikaribia, mabinti wanataka herini, na mama mwenye mkono mwepesi huitwa nyumba hadi nyumba. Tulipokimbia tuliacha vitu vingi, lakini desturi hii tulikuja nayo, wala sisemi tuiache. Ninachoomba ni tukumbuke kwamba tundu la sikio ni kidonda. Kulitoboa ni kazi ya dakika moja. Kulitunza ni kazi ya wiki nyingi, na hapo ndipo wengi tunapokosea.

Nilipokuwa na miaka 12, tulitobolewa wasichana 5 siku moja kwa sindano moja ya kushonea. Ilifutwa tu kwa kitambaa kabla ya kuingia sikio la mwingine. Jioni tukapakwa majivu ya jikoni. Siku ya 4 sikio la mdogo wangu lilivimba na kuwa la moto. Tukasema litapoa lenyewe. Siku ya 7 homa ilipanda, tukambeba mpaka zahanati. Alipona, lakini ndewe ilichanika, na mpaka leo havai herini upande ule. Aliyetutoboa alikuwa shangazi yetu, na alitupenda sana. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Ndiyo sababu mimi nawaeleza ninyi.

Tuanze na sindano. Kila mtu atobolewe kwa sindano yake, mpya, iliyo bado katika pakiti yake. Kuifuta au kuipitisha juu ya kibiriti hakutoshi. Damu kidogo tu, hata isiyoonekana kwa macho, inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B. Hivi vya homa ya ini huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7. Ikiwa sindano moja imekwisha kutumika kwa watu kadhaa, msione haya, msigombane. Nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI visishike mwilini huanza kutolewa kabla saa 72 hazijapita, na mkiwahi ni bora zaidi.

Mtoto mchanga asubiri kwanza. Amalize chanjo za wiki 6, 10 na 14, ambazo zinamkinga na pepopunda na homa ya ini aina ya B. Mama, tazama kadi yake ya kliniki kabla ya kumwita fundi.

Sasa matunzo. Najua maji ni ya shida, lakini kazi hii inataka kikombe kimoja tu. Chemsha maji ya kikombe kimoja, tia chumvi robo ya kijiko cha chai, acha yapoe. Usizidishe chumvi, itaunguza ngozi. Nawa mikono kwa sabuni. Chovya pamba au kitambaa safi kilichochemshwa, ukiweke juu ya tundu, mbele na nyuma, mpaka ugaga ulainike. Ufute taratibu, usiubandue kwa kucha. Kausha kwa kugandamiza polepole. Fanya hivyo asubuhi na jioni, na kila siku tengeneza maji mapya.

Majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno, mafuta ya taa na mate visiguse kidonda. Majivu na kinyesi vyaweza kuingiza vijidudu vya pepopunda. Dawa ya meno na mafuta ya taa huunguza. Wengi tulifundishwa kuizungusha herini kila siku ili isigande. Tuache, kwa sababu kila ukiizungusha unakichubua kidonda upya.

Herini ya kwanza ikae wiki 6 hivi bila kutolewa, na isibane. Ukiitoa mapema tundu litaziba. Usiazimane herini na rafiki. Ninyi vijana mnaotoboa sehemu ya juu ya sikio, kwenye gegedu, jueni kwamba kupona huko huchukua miezi, pengine mwaka mzima. Gegedu haina mishipa yake ya damu, kwa hiyo ikiingia usaha huharibika upesi na sikio hukunjamana.

Siku za kwanza maumivu kidogo, wekundu kidogo na majimaji meupe yanayokauka si jambo la kutisha. Lakini nenda kituo cha afya bila kungoja kesho ukiona:

1. Uvimbe, joto au maumivu yanaongezeka badala ya kupungua.
2. Usaha wa njano au wa kijani unatoka.
3. Homa, au tezi za shingoni zimevimba.
4. Herini imezama ndani ya nyama.
5. Taya linakaza au shingo inakakamaa. Hii ni dalili ya pepopunda. Mbebeni mgonjwa mara moja, hata usiku.

Herini usiing'oe mwenyewe. Tundu laweza kuziba na kufungia usaha ndani. Mwachie muuguzi aamue.

Neno moja la mwisho. Kuna makovu ambayo huendelea kukua baada ya kidonda kupona, mpaka yakawa kama kinundu. Huo si uchawi wala husuda ya jirani. Ni ngozi tu, na mara nyingi hufuata ukoo. Kama wewe au wazazi wako mna makovu ya namna hiyo, fikiri vizuri kabla ya kutoboa.

Akina mama mnaotoboa, msinikimbie. Watoto watawaendea ninyi kabla ya kuniendea mimi. Siku mtakayomwambia mzazi, "Leta kwanza sindano mpya," mtakuwa mmefanya kazi kubwa kuliko hotuba yangu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.