Msaada Ufike Kabla ya Pamba

Simiyu ni mkoa wa Tanzania tangu 2012, na pamba ndiyo mfuko wake. Msimu wa ununuzi hufunguliwa karibu na Mei. Kabla ya hapo zipo kaya katika wilaya zake za Bariadi na Itilima zinazokula kwa mkopo. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanza mwaka 2000, huzipa kaya maskini ruzuku, sehemu yake ikitegemea watoto kwenda shule na kliniki. Ruzuku hiyo inasaidia, ila haijengi nyumba. Wahisani nao huja sikukuu na mchele, sabuni na wapiga picha, hao hawakosi! Mjane aliyebomokewa nyumba ya udongo kwa mvua za Machi anahitaji bati Machi hiyohiyo, si sikukuu. Walengwa wa TASAF hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji. Wahisani waanzie kwenye mkutano huo kumtafuta.