Kusafisha Kaseti Zetu za Zamani
Hotuba ya katibu wa kwaya siku ya jubilii



Kamati ilipotutuma kutafuta nyimbo za zamani kwa ajili ya siku ya leo, tuliletewa kaseti 11, nyingi za miaka ya 1980. Mbili zilikuwa na kuvu. Moja tulikuta mtu amerekodi mpira wa redioni juu ya wimbo wa Pasaka. Hatutamtaja, lakini anajijua.

Kaseti ya dakika 60 huchukua dakika hizo hizo 60 kuingia kwenye kompyuta. Hakuna njia ya mkato. Tuliunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, tukatumia Audacity, programu isiyolipiwa. Kila kaseti tuliihifadhi kwanza jinsi ilivyo, bila kuigusa. Uamuzi huo ndio uliotuokoa baadaye.

Shida ya kwanza ilikuwa betri. Redio za wakati ule zilipoishiwa betri, mota ilizunguka polepole wakati wa kurekodi. Ukiicheza kaseti hiyo leo kwenye mashine yenye nguvu kamili, wimbo unakimbia na sauti zinapanda. Besi zetu walisikika kama watoto wa shule ya Jumapili! Kwa bahati, kinanda cha kwanza bado kiko stoo. Tulibonyeza noti ile ile inayosikika mwanzoni mwa wimbo, tukapunguza mwendo hadi zikalingana.

Kisha ukaja mvumo, ule wa kama mafuta yanayokaanga. Unaichagulia programu sekunde chache ambapo hakuna anayeimba, mkanda unavuma tu. Inaujua mvumo huo, halafu inaupunguza katika wimbo mzima. Sisi tulitaka uishe kabisa, tukakaza. Ukaisha. Tukafurahi, tukamwita mwanakwaya mwenzetu ambaye marehemu mama yake aliongoza sauti ya pili, aje asikilize.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyu si mama. Mama alikuwa akivuta pumzi kabla ya kila ubeti, hata waliokaa nyuma walimsikia."

Ni kweli. Pumzi na mvumo wa mkanda hufanana, na programu ilikuwa imefuta vyote viwili. Hata sauti zilizobaki zilikuwa kama za watu wanaoimba ndani ya pipa la maji. Tulirudi kwenye nakala ya kwanza, tukapunguza mvumo kidogo tu. Baadhi yetu kwenye kamati hawakupenda, wakasema kanda bado ina kelele, na tulibishana karibu wiki mbili. Lakini mwenzetu alipoitwa tena, aliomba turudie wimbo huo mara tatu.

Kwa hiyo mtakayosikia leo yana mvua juu ya mabati, na katika ubeti wa tatu kuna mtoto analia. Huenda amekaa hapa kati yetu akiwa na kitambi.

Wenye kaseti nyumbani, tafadhali msizijaribu kwenye redio zinazotafuna mkanda, tuleteeni. Na wazee wetu, baada ya ibada tunawaomba mbaki kidogo. Katika kaseti ya saba kuna kijana wa sauti ya tatu anayeimba peke yake, na hakuna hata mmoja wetu anayemjua.